Re: Watoto wa beibi klasi (darasa la kwanza la chekechea) wanakariri dua ila maana hawajui
Salaam mwalimu. Umesema watoto wako hapo Bombo, Uganda, wanaimba dua ya kula kama kasuku, ukiwauliza maana wanakutolea macho tu. Cheki kwanza nyumbani wanaongea nini, maana wangu wengi walikuwa wa Kiluganda na Kinubi na mimi nawaelezea kwa Kiingereza, kazi bure. Nikaacha maelezo. Saa ya uji kikombe hakiguswi mpaka useme Bismillahi, ukimaliza unamwambia mpishi webale nyabo kwa Kiluganda, halafu tunarudia asante mama kwa Kiswahili, shukrani na maneno vinaingia pamoja. Siku moja kakorofi kamoja kakavuta kikombe cha mwenzake, "hujasema!" Dua ndefu waachie topu klasi (darasa la mwisho la chekechea). Mimi nimefundisha wa miaka 3 mpaka 5 tu.