L.A. Noire: nyuso zake ni dhahabu, vitufe vyake vinaudhi

Ukitaka kucheza L.A. Noire, gemu ya upelelezi, icheze nyumbani, jioni, bila mtu wa kukuhesabia saa. Ukiipeleka kwenye vibanda vya gemu hapa Kisumu, ambako watu hulipia mechi za mpira, itakumalizia pesa kabla kesi haijaiva. Ni gemu ya kusikiliza. Ilitoka 2011, kazi ya Team Bondi ya Sydney, nawe ni Cole Phelps, mwanajeshi aliyerudi kutoka vita vya Okinawa akajiunga na polisi wa Los Angeles. Mwaka ni 1947.

Utamu wake uko usoni mwa watu. Waigizaji walirekodiwa kwa kamera 32 zilizowazunguka, kwa hiyo mshukiwa akimeza mate, akikwepesha macho au akibana midomo, unaona. Shangazi yangu, aliyeuza mitumba soko la Kibuye miaka mingi, hashiki padi ya kuchezea kabisa, lakini hukaa kando yangu na kusema, "We, huyo anakuficha kitu. Tazama shingo." Mara nyingi huwa kweli. Sijaona gemu nyingine inayomvuta mtu mzima namna hiyo.

Lakini hapo hapo ndipo inapoudhi. Kumjua mwongo hakutoshi. Unapewa njia tatu: kumwamini, kumtilia shaka, au kumwambia anadanganya, na hiyo ya mwisho inadai ushahidi ulio kwenye daftari la Phelps. Pengine una vitu viwili vinavyothibitisha jambo lile lile, gemu inakubali kimoja tu. Na ukichagua shaka, Phelps anaweza kumfokea mfiwa ambaye wewe ulitaka kumuuliza kwa upole. Hilo hunikera hadi leo. Toleo la 2017 lilibadilisha vitufe hivyo vikawa polisi mwema, polisi mkali na kushtaki. Angalau sasa unajua ukali unakuja. Ukiweza, tafuta hilo.

Mbinu ninayoitegemea ni hii: ukihisi uongo, mshtaki mtu kwanza, umsikilize anavyojitetea. Maneno yake yatakuonyesha ushahidi gani unatakiwa. Kama huna, rudi nyuma kabla hujachagua kitu, hupotezi chochote.

Kwenye eneo la tukio usizime muziki. Kinanda hulia ukikaribia kidokezo, padi inatetemeka, na muziki ukinyamaza ujue umemaliza kukusanya. Utaokota chupa na viberiti vingi visivyo na maana. Vumilia.

Jiji lenyewe ni kubwa na limejengwa vizuri, ila ukishaliona, mambo ya kufanya barabarani ni machache. Mwachie mwenzako usukani, mtafika mara moja.

Sehemu ya kesi za mauaji itakuchosha roho. Kuna kesi ambazo utalazimika kumshtaki mtu huku moyo unakataa. Endelea tu, hadithi ina sababu zake.

Jambo la mwisho: huwezi kuhifadhi ulipofika wakati unapotaka, gemu hujihifadhi yenyewe. Mvua za alasiri zikija na stima ikapotea katikati ya mahojiano, utayarudia. Na ukinunua diski za mtumba za mashine ya Xbox 360, zihesabu kabla ya kulipa. Zinapaswa kuwa tatu.