Ukungwi unautaka, umwari huutaki

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, naishi Mbagala, umri miaka 36, ndoa ina miaka 11 na watoto wawili. Tangu mdogo nina kipaji cha kushauri. Baba na mama wakigombana, mimi ndiye niliyekuwa nawapatanisha, na mpaka leo shuleni, mtaani na kwenye kikoba mwenye shida anakuja kwangu. Sasa nimepata kozi ya unasihi ya wiki sita kwa njia ya simu, ada milioni moja na nusu, ukimaliza unapewa cheti na unafungua ofisi yako. Mume wangu ni fundi umeme. Nimemwomba tuuze kiwanja chetu cha Mkuranga nilipe ada na pango la ofisi, kakataa. Ni mtu mkavu, haongei. Kupitia video za saikolojia nimegundua ana dalili zote za mtu anayejipenda mwenyewe tu, nikimweleza anaenda kulala. Wivu pia anao: jirani alinieleza siri ya ndoa yake, nikawasimulia wenzangu wa kikoba ili wajifunze, jina sikutaja, wakamjua wenyewe. Mume wangu alininunia wiki nzima. Shangazi, watu wanakufa kwa msongo wa mawazo. Hata kaka yangu alijitoa uhai 2016, nyumbani tukasema ni presha. Nilipomwambia mume wangu nataka kuokoa watu kama yeye, alinitukana, eti nianzie kaburini kwa kaka, maana sijawahi kufika. Mtu gani ana moyo huo? Nimwache, au nikope nisome kwa siri? Mama Nuru.*

Marahaba, Mama Nuru. Pole kwa kaka.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilikuonea huruma wewe. Mara ya pili nikamwonea huruma Baba Nuru. Mara ya tatu nikachukua penseli, nikahesabu. Mume umemtaja karibu kila mstari. Kaka umempa mstari mmoja, tena umemtanguliza na "hata", kama mtu anayetaja kitunguu mwisho wa orodha ya sokoni. Barua inaitwa ya unasihi, lakini mimi naona ni ya mambo mawili: mume unayetaka kumshinda, na msiba ambao hujaulia.

Tuanze na hilo la jirani, maana ndilo lililonikera. Mwanamke kaja kwako usiku na aibu yake mkononi. Wewe ukaibeba hadi kwenye kikoba, kati ya hisa na mikopo, ukaitandaza "ili wajifunze". Jina hukutaja! Mtaa una nyumba ngapi, mama? Kisha unaniambia mumeo alinuna kwa wivu. Hapana. Mumeo anasalimiana na mume wa yule jirani kila asubuhi, na sasa hajui aweke wapi macho. Yeye ndiye aliyeona aibu kwa niaba yako. Katika nyumba hiyo mwenye tabia ya mnasihi ni fundi umeme.

Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata haipiti barazani ikisimulia maji. Siri ndiyo kazi yenyewe. Mnasihi aliyefundishwa anamwambia mteja siku ya kwanza kabisa: yako yatabaki hapa, isipokuwa nikiona unataka kujidhuru, au kumdhuru mtu, au mtoto anaumizwa. Hapo ndipo mlango unapofunguliwa, na hata hapo unafunguliwa kwa utaratibu. "Ili wajifunze" haimo.

Twende kwa mumeo na hizo video zako. Siku hizi ndoa zimeingiliwa na madaktari wa mfukoni. Mume akinyamaza, ana ugonjwa. Akisema, ana sumu. Akilala mapema, anakwepa hisia. Zamani mke alimwambia mumewe "unaniudhi", wakagombana, wakala, wakalala. Leo anamwambia "una dalili tisa", na mtu aliyeambiwa ana dalili tisa na mkewe, usiku, baada ya kutwa nzima juu ya ngazi akivuta nyaya, afanye nini zaidi ya kwenda kulala? Mimi ningelala siku mbili. Wanaume nao wameanza, msidhani wamesalimika: kuna mmoja aliniandikia kwamba mkewe ana "kiwewe cha utotoni" kwa sababu kakataa kumpikia shemeji. Maneno yaliyobuniwa kumsaidia mgonjwa tumeyageuza mawe ya kurushiana jikoni.

Na hata ungekuwa na shahada tatu ukutani, mumeo si mteja wako. Watu wa pwani walilijua hili zamani sana. Mama hamfundi mwanawe unyagoni, hata awe hodari vipi. Anamtafuta kungwi, mtu wa nje, kwa sababu mama ana lake moyoni na binti analijua. Wanaosomea unasihi wanakatazwa vivyo hivyo: usimchukue ndugu, usimchukue rafiki, usimchukue mtu unayemdai au anayekudai. Wewe unamdai Baba Nuru kiwanja.

Hapo kwenye kungwi nikae kidogo, ndipo penye kiini.

Kungwi hakuzaliwa kungwi. Alikuwa mwari kwanza. Aliwekwa ndani, akaulizwa maswali yanayochoma, akachekwa, akalia, akaambiwa ukweli juu ya nafsi yake na watu ambao hawakuwa na haja ya kumfurahisha. Miaka ikapita, akaolewa, akazaa, akazika, ndipo akaruhusiwa kushika mwari wa mwenzie. Wazungu walifika mahali hapohapo kwa njia yao. Mwaka 1912 Freud, daktari aliyeanzisha uchambuzi wa nafsi, aliandika kwamba anayetaka kuchambua nafsi za wengine hana budi kuchambuliwa kwanza mwenyewe, na sifa ya kulisisitiza hilo akawapa wenzake wa Zurich. Mpaka leo shule nyingi nzuri za kazi hii zinamtaka mwanafunzi akae kwanza kwenye kiti cha mteja, saa kadhaa, alipe na alie kama wengine. Huo ndio umwari. Wewe barua nzima unaomba ukungwi, na nikitafuta mahali ulipokubali kuwa mwari sipaoni.

Usinielewe vibaya. Sikulaumu kwa kuingia kupitia kidonda. Wengi wa kazi hii waliingilia mlango huohuo, na waungwana wao hukiri. Ulinigusa uliposema ulikuwa unapatanisha baba na mama. Umeandika kama anayejisifu, nami nikamwona mtoto amesimama mlangoni na nguo ya kulalia, anapima sauti za watu wazima ajue kama usiku huo atalala. Kile si kipaji, mwanangu. Ulikuwa mlinzi wa zamu. Masikio yako yalinolewa na woga, na kweli ni makali, yatakufaa. Ila mtoto yule alijifunza jambo jingine pia: kwamba yeye akiwa ndiye anayesaidia, hakuna atakayemuuliza yeye ana nini. Ndiyo maana milango yote ya Mbagala inafunguka kwako na wako haujafunguka tangu 2016.

Fikiria umeshafungua hiyo ofisi. Jumanne asubuhi anaingia kijana wa miaka 24, anakaa, anakwambia, "Mwalimu, nimechoka kuishi." Utamwona nani pale kwenye kiti? Utamwona kaka. Utamshika mkono, utampa namba yako ya simu, utampigia saa nane za usiku, hutamwuliza lile swali gumu kwa sababu jibu lake unaliogopa. Au utamkaripia, umwambie amfikirie mama yake, kwa hasira ambayo si ya kijana huyo hata kidogo. Akipona utadhani umelipa deni. Asipopona, Mama Nuru, nani atakushika wewe? Kazi hiyo ina watu wanaoitwa wasimamizi, wazoefu unaowapelekea kesi zako wakuambie: hapo ulikuwa unamsikiliza mteja, na hapo ulikuwa unajisikiliza mwenyewe. Kozi yako ya wiki sita inakupa msimamizi? Au inakupa cheti na stika ya mlangoni?

Maana hiyo wiki sita nayo! Nyanya inachukua muda mrefu zaidi kuiva. Majirani zetu Kenya wana sheria tangu 2014, huruhusiwi kujiita mnasihi au mwanasaikolojia na kupokea wateja bila kusajiliwa. Hapa kabla hujatoa shilingi, waulize hao wenye kozi namba yao ya usajili, NACTVET kama ni chuo cha kati, TCU kama ni chuo kikuu. Wakianza kukutumia sauti ndefu za WhatsApp badala ya namba, umejibiwa. Baba Nuru alikataa kuuza ardhi kwa ajili ya hilo, na mimi niko naye mguu kwa mguu. Ardhi ya Mkuranga haingoji mtu.

Sasa lile "tusi".

Nimelisoma tena na tena. Kaka yako amekufa, nyumbani mkasema presha. Nawaelewa. Aibu ya kifo kile ni nzito, na sheria tulizoachiwa na Mwingereza ziliongeza uzito kwa kufanya hata kujaribu kujiua kuwa jinai. Kenya mpaka Januari 2025 ndipo Mahakama Kuu ilipotamka kwamba kifungu hicho ni kinyume cha katiba. Kwa hiyo ukoo mzima ukafunga mdomo, nawe mpatanishi wa zamani ukasaidia kuufunga. Katika watu wote wa barua yako, mmoja tu ameyataja kaburi na kaka kwa pamoja, na ni huyo mkavu asiyeongea. Alisema vibaya? Pengine. Mafundi hawana maneno ya hariri. Lakini mtu anayejipenda mwenyewe tu hahesabu miaka ambayo mkewe hajaenda kaburini kwa kaka yake. Huyu amekuwa akihesabu.

Nikupe mfano wa mtu aliyepigwa na msiba wa namna hiyo. Harare, Zimbabwe, yupo daktari wa magonjwa ya akili, Dixon Chibanda. Mwaka 2005 mgonjwa wake, msichana, alijinyonga. Walipanga arudi hospitali, familia ikakosa nauli ya basi, dola 15. Daktari angeweza kujificha nyuma ya meza yake. Badala yake alijiuliza maswali ya kumdhalilisha: hivi mimi nakaa hapa nikingoja watu wasio na nauli? Mwaka uliofuata alianza na bibi 14 wa mtaa wa Mbare, akawafundisha kukaa na watu kwenye benchi nje ya zahanati. Alitaka kuliita benchi la afya ya akili. Bibi wakamwambia hakuna atakayekalia kitu chenye jina hilo. Akawasikiliza, likawa Benchi la Urafiki. Hawamwambii mtu ana ugonjwa gani. Wanasema *kufungisisa*, neno la Kishona la kuwaza kupita kiasi, kama sisi tunavyosema fulani ana mawazo. Kisha bibi anauliza, anangoja, na mwenye shida anachagua mwenyewe tatizo moja la kuanza nalo. Leo mabenchi hayo yamefika Malawi na Zanzibar. Angalia huyo daktari msiba ulimfanya nini: ulimpunguzia maneno. Wewe umekuongezea.

Na tafadhali usiniige mimi. Mimi ni shangazi wa safu, nalipwa kusema. Niliwahi kujiandikisha mafunzo ya unasihi, miaka hiyo nina nguvu. Wiki ya tatu tuliketi wawili wawili, zoezi lenyewe kumsikiliza mwenzio dakika ishirini bila kumpa ushauri wowote. Dakika ya kumi nilishamwambia mwenzangu aachane na huyo mwanaume. Kumbe alikuwa anaigiza, hata mwanaume hakuwa naye. Mwalimu alinitazama kwa upole ambao bado unaniuma. Nikarudi kwenye kalamu, ambako ukali wangu unauzika.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii. Mume humwachi, na kwa siri husomi. Mkopo wa siri ndani ya ndoa ni panya kwenye dari, utausikia kila usiku. Kwa jirani utakwenda kuomba radhi, bila maelezo ya "ili wajifunze". Kazini mwombe mwalimu mkuu akupe nafasi ya malezi na unasihi pale shuleni, ipo, na walimu wengi wanaikimbia kwa sababu haina posho. Kaa na watoto hao mwaka mmoja, mdomo umefungwa. Na tafuta mnasihi wa kweli, ulizia hospitali ya rufaa, uende wewe kama mgonjwa. Ukishakaa kwenye kiti hicho na bado ukautaka huu mzigo, nitumie barua nyingine, nitamwandikia Baba Nuru mwenyewe juu ya ada ya chuo chenye usajili.

Lakini kabla ya hayo yote, kaburi. Usiende na shangazi zako, watakuimbia yale ya presha. Mwambie mumeo akusindikize. Nadhani atakubali kabla hujamaliza sentensi. Ukirudi niandikie, na safari hii usinihesabie makosa ya mtu. Niambie tu kaka alikuwa anaitwa nani, maana umeniandikia kurasa mbili na jina lake hujalitaja.