Maji ya Uzunguni Yanamwagikia Kwetu

SWALI: Ndugu mhariri, mtaa wetu uko bondeni hapa Mbeya. Wenzetu wa juu wana lami, mitaro na taa. Mvua ikinyesha maji yao yote yanatushukia sisi. Tumekubaliana tuchange tujenge mtaro wa mita 40 kando ya barabara yetu ya vumbi. Fundi anataka kuanzia juu, maji yanakoingilia. Je, yuko sahihi, na tununue nini?

JIBU: Mwambieni asubiri. Mtaro huanzia chini, maji yanakomwagikia, kisha unapandishwa. Mkianzia juu hela zikaishia katikati (na hela za mchango hazikawii kuisha), mtakuwa mmeyakusanya maji na kumwelekezea jirani ukutani. Mkianzia chini, hata mita 15 zilizokamilika zinafanya kazi.

Kabla jembe la kwanza halijapigwa, nendeni TARURA, yaani Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini. Tangu 2017 ndiyo yenye kusimamia barabara za mitaa, na kando ya barabara ni hifadhi yake. Mhandisi akija, mwonyesheni na karavati la chini (njia ya maji inayopita chini ya barabara): kama ni dogo, mtaro mzuri utalizidishia maji tu.

Tuseme mtaro wenu una upana wa sentimita 60 na kina cha 60 kwa ndani, kuta za mawe zenye unene wa sentimita 30, na sakafu ya zege ya sentimita 10. Sakafu itakula mifuko kama 31 ya saruji, kuta 36, na lipu ya ndani minane hivi, jumla 75. Mawe ni kama mita za ujazo 18, yaani tripu nne za lori linalobeba tano.

Zege la sakafu: mfuko mmoja wa kilo 50, ndoo tatu na nusu za mchanga, ndoo saba za kokoto. Ndoo ni ile ya lita 20, ijae bila kichuguu. Maji ndoo moja na kidogo. Fundi akizidisha ili zege limlainikie, litapasuka. Udongo wa kujengea mawe ni mfuko mmoja kwa ndoo saba za mchanga. Hapa ndipo saruji huyeyukia: saba hugeuka kumi, mifuko inayobaki inaondoka na bodaboda jioni. Wekeni mtu wa kuhesabu ndoo, asiwe ndugu wa fundi.

Mteremko usipungue sentimita 10 kwa kila mita 10. Pimeni kwa mpira wa maji (bomba jembamba angavu lililojazwa maji, linaloonyesha usawa), si kwa macho. Palipo na mwinuko mkali jengeni ngazi ndani ya mtaro kuvunja kasi, na mdomoni, maji yanakotoka mtaroni, pangeni mawe makubwa kwa mita mbili, la sivyo msimu mmoja tu mtakuwa na korongo. Funikeni zege kwa magunia yaliyolowa siku saba. Kazi ifanyike kati ya Juni na Oktoba.

Mifuniko iwe milangoni tu, vipande vya sentimita 90 kwa 50, unene 10, nondo za milimita 10. Kipande kimoja kina kilo zaidi ya 100. Watu wanne wanakiinua kuzoa taka. Mkifunika mtaro wote, hakuna atakayeuzibua.

SWALI: Kwa nini kila mwaka lami haifiki kwetu?

JIBU: Chanzo ni cha zamani. Miji yetu mingi ilipimwa wakati wa ukoloni kwa kutengana: Uzunguni viwanja vikubwa na barabara, Uhindini maduka, Uswahilini watu wakajipange wenyewe. Mtaa usiopimwa hauna hata nafasi ya kupitisha greda, na mhandisi hupeleka hela panapopitika.

Lakini kuna kosa ambalo ni lenu. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, na vipaumbele hukusanywa miezi mingi kabla. Mtaa unaolalamika Aprili umechelewa. Itisheni mkutano mkuu wa mtaa mapema, ikiwezekana Septemba, mchague mambo mawili, si kumi. Muhtasari uwe na mahudhurio yenye saini, urefu wa barabara kwa mita, idadi ya nyumba zinazoingiwa na maji, na orodha ya waliokubali kusogeza uzio. Mwenyekiti wa mtaa aupeleke kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo diwani ndiye mwenyekiti wake na mtendaji wa kata ni katibu. Bakini na nakala yenye mhuri wa kupokelewa. Ile orodha ya uzio ndiyo yenye nguvu kuliko yote.

SWALI: Nimepanga chumba kimoja. Nyumba yetu ina wapangaji sita, kila chumba kinatozwa mchango sawa, na mwenye nyumba anayeishi mtaa mwingine hatoi kitu. Ni haki?

JIBU: Sisi tunaona si haki. Mtaro ukikamilika nyumba inapanda thamani, na kodi yenu nayo itapanda. Mkutano utoze kwa nyumba, mwenye nyumba apelekewe barua na mtendaji wa mtaa, ninyi mtoe nguvu. Kuchimba mita 40 ni udongo kama mita za ujazo 34. Mtu mwenye nguvu anachimba mbili kwa siku, basi ni siku 17 za mtu mmoja. Wapangaji sita wanazimaliza kwa siku tatu. Ziandikwe kwenye daftari la michango kwa bei ya kibarua ya hapo mtaani, pamoja na stakabadhi, na ukurasa ubandikwe ofisi ya mtaa kila Jumamosi.