Kabla ya kutia mrija wa fedha kwenye ushanga wa kioo, kagua tundu

Shanga kubwa za kioo zilizotengenezwa kwa mkono zina tabia moja mbaya: zinakata uzi. Mtengenezaji huviringisha kioo kilichoyeyuka juu ya ufito wa chuma cha pua uliopakwa udongo, ili kikishapoa ufito uchomoke. Ufito hutoka, lakini udongo hubaki ukutani mwa tundu, mkavu na unakwaruza kama msasa. Mkufu wa kuvaliwa kila siku hausalimiki. Ndiyo maana shanga ninazoziuza kwa bei ya juu nazitia mrija wa fedha ndani, uliokunjwa kingo pande zote mbili. Uzi unapita kwenye fedha, haugusi kioo, na mteja anaona kitu kilichopita mkononi mwa sonara.

Wanaoniuliza kuhusu kazi hii huanza na fedha: inunuliwe wapi, gramu ngapi, nene kiasi gani. Mimi huwaambia wanionyeshe ushanga kwanza. Tazama ncha zake mbili. Zinatakiwa ziwe zimebonyea kidogo kuelekea kwenye tundu, laini, bila jino. Ukingo wa fedha ukikunjwa unalala kwenye lile bonde, na nguvu inasambaa. Ncha ikiwa kali au imechongoka nje, nguvu yote inaangukia sehemu moja na kioo kinamenyeka. Hakuna ufundi wa nyundo utakaookoa ushanga wa namna hiyo. Uuvalishe uzi tu, uuze kwa bei yake.

Ulize pia kama ushanga ulipoozwa kwenye tanuri. Kioo laini, yaani kinachoyeyuka kwa joto dogo, cha Murano huko Italia, wanachokipenda sana wanaoyeyusha kioo kwenye mwali wa gesi, hushikiliwa kwenye nyuzi joto 500 na ushei kisha hushushwa taratibu. Kilichopozwa harakaharaka kinabaki na mkazo ndani, na pigo dogo tu linatosha kukipasua.

Shanga za Wakrobo wa Ghana ni habari nyingine. Nyingi huchomwa kwa unga wa kioo ndani ya kalibu za udongo, na tundu huachwa na kijiti cha muhogo kinachoungua humo humo. Tundu kama hilo mara nyingi halijanyooka. Nazipenda mno, ila kuzitia mrija wa fedha kunahitaji kuzikwangua kwanza, na mara nyingi haifai taabu.

Kusafisha tundu, tumia tupa ndogo ya mviringo yenye chembe za almasi, ushanga ukiwa ndani ya bakuli la maji. Maji si hiari. Yanapoza kioo, na yanazuia vumbi la kioo na udongo lisiende mapafuni.

Sasa fedha. Ile ya 925, yaani sehemu 925 za fedha katika 1000, ina shaba kidogo, ni ngumu, na huwa nyeusi upesi. Safi ya 999 ni laini, inakunjika kwa hiari, na haibadiliki rangi haraka. Kwa mtu anayeanza nasema 999 bila kusita, hata kama ni ghali kidogo, kwa kuwa ndani ya ushanga fedha haibebi mzigo wowote. Jihadhari na mrija wenye mshono. Sonara akikutengenezea kwa kukunja bamba na kulivuta kwenye chuma chenye matundu, mwambie aunge kwa solda ngumu ya fedha, si ile inayoyeyuka mapema. Hata hivyo, ukianza kupanua kinywa, mahali pa kwanza kupasuka ni pale pa mshono.

Mrija uingie bila kulazimishwa lakini usicheze. Urefu wake ni urefu wa tundu, si wa ushanga kwa nje, ukiongeza karibu milimita moja kila upande kwa mrija wenye kipenyo cha milimita 5. Ukizidisha, ukingo unapasuka nyufa pembeni. Ukipunguza, hauna cha kushika. Kata kwa msumeno wa sonara, na ndani ya mrija uwe umechomeka kijiti cha mbao ili usibonyee. Kisha piga tupa hadi ncha zikae sawa kabisa. Ncha iliyopinda itatoa ukingo mpana upande mmoja.

Mrija wa 925 ulegeze kwa moto kabla haujaingia kwenye ushanga. Funga pazia ili upate giza la kuonea rangi, uwashie moto mdogo hadi uone wekundu hafifu, karibu nyuzi 600 hadi 650, kisha uzamishe majini. Usiondoe macho, kwani fedha hii huanza kuyeyuka karibu nyuzi 800 na mrija mwembamba hufika huko upesi. Ukishautia ndani ya kioo, moto marufuku: fedha hutanuka karibu mara mbili ya kioo, na kioo ndicho kinachopasuka.

Kupanua kinywa, anza na senta panchi butu, yaani kijiti cha chuma chenye ncha ya kugongewa, ushanga umesimama juu ya kitambaa kinene au ngozi. Gonga kidogo, geuza upande wa pili, gonga kidogo, geuza tena. Ukimaliza upande mmoja kabla ya mwingine, mrija unateleza na kingo hazilingani. Kinywa kikishafunguka, weka gololi ya beringi kila upande, ubane ushanga polepole kwenye jiliwa, ukitazama na kusikiliza. Mlio wowote wa kioo, legeza. Ukingo ukigusa kioo pande zote, acha. Tamaa ya kuulaza zaidi ndiyo inayovunja shanga nzuri.

Wapo wanaobandika pete za fedha kwa gundi ya epoksi kwenye ncha. Inaonekana vizuri dukani, ila ndani udongo bado unasaga uzi. Mimi siiuzi kazi hiyo kama ushanga wenye mrija, na ukiiuza, mwambie mteja ni gundi.

Vipande na unga wa msumeno vitunze kwenye kopo lililofungwa, 925 na 999 kila moja na kopo lake. Sonara hupima kwa gramu, na fedha iliyochanganyika hulipwa kwa bei ya ile dhaifu.