Baba atatafuta ndizi wapi?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nina mtoto wa kiume wa miaka mitatu na nusu. Juzi baba yake aliweka ndizi kabatini, akaenda mwaloni Kibirizi. Nikazihamishia kapuni, mtoto anaona. Nikamuuliza, "Baba akirudi atazitafuta wapi?" Akajibu palepale: "Kapuni!" Wifi yangu anasema mtoto ni mzito wa akili. Nina wasiwasi. – Mama wa watoto wawili, Ujiji

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mtoto wako si mzito, na neno hilo lisirudiwe mbele yake. Swali lako linafanana na jaribio la wanasaikolojia Heinz Wimmer na Josef Perner la mwaka 1983. Wao walisimulia habari za Maxi, mtoto ambaye chokoleti yake ilihamishiwa kabati jingine akiwa hayupo. Watoto wa miaka mitatu wengi hujibu kama wako. Kwenye miaka minne, mitano hivi, wengi hupatia.

Mjukuu wangu nilimjaribu kwa karanga hapa barazani. Mara ya kwanza alinyoosha kidole zilipo. Miezi ikapita, nikarudia. Safari hii alinyamaza, akautazama mlango aliotokea babu yake, akaninong'oneza: "Babu atadhani zimo koponi." Hilo "atadhani" lilinitoa machozi. Alikuwa ameshika mambo mawili kwa mpigo: karanga zilipo, na zilipo kichwani mwa babu.

Ubongo una mahali pa kazi hiyo. Mwaka 2003, huko Marekani, watafiti Rebecca Saxe na Nancy Kanwisher waliwapima watu wazima kwa mashine inayoonyesha sehemu ya ubongo inayofanya kazi zaidi. Wakisoma habari za mtu anayeamini jambo lisilo kweli, eneo la nyuma, juu kidogo ya sikio, lilichangamka. Wakisoma habari za picha ya zamani isiyolingana tena na hali ilivyo, halikuchangamka hivyo. Picha nayo hupitwa na wakati, ila haiwazi.

Sasa, cha kufanya ni kuongea naye. Watoto viziwi wa wazazi wanaosikia, wakichelewa kupata lugha ya alama, huchelewa pia kwenye jaribio hili. Waliozaliwa na wazazi viziwi, wanaozungumza kwa alama tangu uchanga, hawachelewi hivyo. Kwa hiyo mwambie "dada alidhani umelala", "baba bado hajui". Na baba akifungua kabati akakuta tupu, mwache mtoto auone uso wake, kisha umuulize: "Mbona baba kaanzia pale?"

Akitimiza miaka minne na nusu mrudie swali la ndizi, uniandikie alivyojibu.