Kazi ya tabianchi katika kata wakati siasa za taifa zimechafuka

Kwa miaka niliyokaa katika Kamati ya Maendeleo ya Kata, upande wa tambarare wa Moshi Vijijini, niliona mipango mingi ya mazingira ikifa bila mtu yeyote kuipinga. Ilikufa kwa sababu mtendaji aliyeiasisi alihamishwa, au mwaka wa uchaguzi ulifika na baraza la madiwani likavunjwa, au mfadhili alisitisha fedha kwa sababu ya mageuzi ya siasa za kwao. Baada ya uchaguzi wa Oktoba 29, 2025 na ghasia zilizoandamana nao, baadhi ya madiwani wapya wameniuliza waanzie wapi ilhali macho ya nchi nzima yako kwingine. Ushauri wangu ni kwamba jambo lolote la tabianchi wanalolithamini walipeleke mahali ambapo atakayetaka kuliondoa atalazimika kuitisha kikao na kueleza sababu zake.

Mahali pa kwanza ni sheria ndogo. Chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982, halmashauri ya kijiji hutunga sheria ndogo, huipeleka mbele ya mkutano mkuu wa kijiji, kisha baraza la madiwani huiidhinisha. Safari hiyo ni ndefu na huwachosha watu, nao huishia kuridhika na agizo la kiongozi. Agizo lina kasi, nakubali, lakini aliyelitoa akiondoka huondoka nalo. Kijiji kimoja cha kata yetu kiliandika katika sheria ndogo zamu za maji ya mfongo (mfereji wa asili wa umwagiliaji) wakati wa kiangazi, pamoja na faini ya kulima kando ya mto, kikiegemea Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inayolinda mita 60 kutoka ukingoni. Kijiji jirani kilitegemea maelekezo ya mdomo ya kiongozi aliyeheshimika sana. Kiongozi huyo alipopangiwa kituo kingine, mahindi yalirudi hadi ukingoni msimu uleule, na mjumbe wa mazingira aliyejaribu kuyakataza aliulizwa, kwa haki kabisa, anatumia sheria ipi.

Mambo haya si ya kwetu peke yetu. Huko Marekani, ambako Donald Trump alitangaza kujitoa katika Mkataba wa Paris wa tabianchi mwaka 2017 na tena Januari 2025, majimbo ndiyo yaliyobaki na kazi. Gavana wa Virginia alipoliondoa jimbo lake katika mpango wa pamoja wa kupunguza hewa ukaa ya mitambo ya umeme, mahakama iliamua mwaka 2024 kwamba hakuwa na mamlaka hayo, kwa kuwa ushiriki wa jimbo uliwekwa kwa sheria ya bunge lake. Hata hivyo, sheria haitoshi kuwa ngao ya kudumu: Juni 2025 Bunge la Marekani na Rais waliifutia California idhini zilizoiruhusu kuweka viwango vyake vikali vya moshi wa magari. Ngazi ya juu inaweza kupindua, ila italazimika kufanya hivyo hadharani, na California ikaenda mahakamani.

Mahali pa pili ni bajeti, na hapa ndipo ninapowasisitizia zaidi. Mpango usio na kasma, yaani fungu lake katika bajeti, ni hotuba. Afadhali kiasi kidogo kutoka mapato ya ndani, kinachotajwa kila mwaka katika makisio, kuliko fedha nyingi za mradi unaosimamiwa kutoka mji mkuu wa nchi nyingine. Kaunti ya Makueni, Kenya, ilipitisha kanuni za mfuko wa tabianchi mwaka 2015 na kuutengea asilimia 1 ya bajeti ya maendeleo, na kamati za kata zikapewa sauti ya kuchagua miradi. Katika mkoa wa Arusha, wilaya za Longido, Monduli na Ngorongoro nazo zilitangulia kujaribu mifuko ya namna hiyo. Mwananchi aliyechagua lambo lake mwenyewe atamuuliza diwani yeyote, wa chama chochote, limefikia wapi.

Kuhusu lugha ya mikutano nitasema kidogo tu. Katika majira ya hasira, ajenda iitwe zamu za maji, miche au mitaro, wala isivishwe kaulimbiu wala rangi za chama. Mkutano mkuu wa kijiji wa kila miezi mitatu upo kisheria. Utumieni huo badala ya kubuni mwingine utakaotiliwa shaka.

Mihtasari iandikwe kwenye daftari, isainiwe, na nakala ibaki ofisi ya kijiji na ofisi ya kata. Intaneti ilipozimwa kuanzia siku ya uchaguzi, waliokuwa wamehifadhi kila kitu kwenye makundi ya WhatsApp hawakuweza hata kuonyesha orodha ya wanaodaiwa faini. (Wazee wa mfongo, ambao hawana simu za namna hiyo, walikuwa na daftari lao.)

Mwaka wa fedha huanza Julai 1, lakini vipaumbele vya vijiji hukusanywa miezi mingi kabla yake. Diwani atakayesubiri hali itulie kwanza atakuta kasma zimekwisha kugawanywa, na nafasi nyingine ni mwaka unaofuata.