Swali: Kilmichael 1920, kwanini Tom Barry alivizia sehemu isiyo na pa kukimbilia?

SWALI: Shikamoo afande. Nasoma historia chuo, nimepewa kazi kuhusu vita ya uhuru wa Ireland na nimekwama kwenye ile ambushi ya Kilmichael. Kila ninachosoma kuhusu kuvizia kinasema lazima uwe na njia ya kutokea, sasa huyu Tom Barry, kamanda wa wapigania uhuru wa Ireland (IRA), kawapeleka watu 36 mahali hapana pa kukimbilia kabisa. Halafu walikuwa na bunduki zinazopiga mbali, kwanini wasikae juu kilimani wakapiga toka mita 300 au 400? Na lile la kusalimu amri kwa uongo, wewe kama mwanajeshi unalionaje?

JIBU: Marahaba kijana. Swali lako zuri kwa sababu umeona kitu ambacho wengi wanakipita, wanasoma habari ya ushujaa wanafunga kitabu. Nimefundisha mbinu za askari wa miguu miaka mingi na Kilmichael huwa naitumia darasani, ila naitumia kama mfano wa hesabu, siyo ushujaa. Ukishaielewa hesabu ya risasi mengine yote yanajipanga yenyewe.

Kwanza tuwekane sawa. Tarehe 28 Novemba 1920, Jumapili, wiki moja tu baada ya ile Jumapili ya damu kule Dublin, siku ya mauaji ya pande zote mbili. Sehemu ni West Cork, kusini magharibi mwa Ireland, kwenye barabara inayotoka Macroom kwenda Dunmanway. Wanaoviziwa ni Auxiliary, kikosi cha polisi kilichoundwa mwaka huohuo 1920, karibu wote waliwahi kuwa maofisa wa jeshi la Uingereza kwenye vita kuu ya kwanza, wanalipwa pauni 1 kwa siku ambayo enzi hizo ilikuwa hela ya maana, na makao yao yalikuwa ngome ya Macroom. Kwa hiyo usiwawazie kama polisi wa kawaida wa kituoni, hawa walikuwa wazoefu wa mapigano. Walikuwa 18 kwenye malori mawili aina ya Crossley, yale ya nyuma wazi, tisa tisa.

Upande wa pili kuna Barry, miaka 23, na yeye aliwahi kuwa askari wa Uingereza, alitumikia mizinga kule Mesopotamia (Iraq ya leo), kwahiyo jinsi adui anavyofikiri anaijua kutoka ndani. Watu wake 36 ni vijana wa mashambani waliokuwa wamekusanywa wiki moja kabla wakapewa mafunzo ya haraka haraka, na karibu wote hawajawahi kupigana vita. Kila mmoja ana bunduki na risasi 35, mabomu ya mkono mawili tu kwa kikosi kizima, na bastola chache.

Sasa piga hesabu. 36 mara 35 unapata risasi 1,260. Magazini ya bunduki ya Lee-Enfield inaingia risasi 10, maana yake kila mtu ana magazini tatu na nusu halafu basi, na hakuna stoo ya kurudi kuchukua nyingine. Askari mgeni, anatetemeka kwa baridi, ndo mara yake ya kwanza kumpiga mtu, ukimwambia apige toka mita 400 lori linalokwenda mbio unadhani atapata nini? Dakika kumi ameshamaliza mzigo wote, wale Auxiliary wameshuka wamelala chini wanajibu kwa utulivu maana wao wameshaifanya hii kazi kwenye vita kuu. Bunduki inafika huko, sawa, ila mpigaji hafiki. Ni kama mtu mwenye salio la dakika moja, hapigi simu kusalimia. Kwahiyo umbali haukuchaguliwa na bunduki, ulichaguliwa na idadi ya risasi, na risasi zilisema sogea karibu, karibu kiasi kwamba hata asiyejua kulenga hawezi kukosa.

Hapo ndo linakuja suala la eneo. Barry hakuwa na uhuru wa kuchagua anapotaka. Wale jamaa walikuwa na tabia ya kupita barabara ileile toka Macroom mpaka njia panda ya Gleann, ila wakishafika Gleann wanaweza kukata kwenda upande wowote na hujui ni upi. Kwahiyo lazima uwapate kabla ya Gleann. Na ukiwavizia karibu sana na Macroom, msaada unatoka ngomeni fasta unakukuta bado unapigana. Ukitoa hizo sehemu mbili, kinachobaki ni kipande kifupi cha barabara katikati ya tope na miamba, hakuna mitaro wala kuta ndefu kando ya barabara, nyumba moja moja. Ni eneo baya, yeye mwenyewe alilijua ni baya na aliwaambia watu wake wazi kwamba hapa hakuna kurudi nyuma, tunapigana mpaka mwisho. Usiku ule padri alikuja kuwaungamisha kabla ya kuanza safari, kwahiyo hakuna aliyedhani anaenda matembezi.

Kwahiyo jibu la swali lako la kwanza: kanuni ya njia ya kutokea haikutupwa kwa sababu ya ujeuri. Ililipiwa. Alichofanya ni kuhakikisha kwamba kama mpango utakwenda vizuri hatabaki mtu wa kumkimbiza, na kama utakwenda vibaya basi tope lile lingewaua wote. Mimi binafsi mwanafunzi wangu akiniletea mpango wa hivyo kwenye karatasi ninamrudishia. Lakini pia ningemuuliza, una risasi ngapi, una sehemu nyingine gani? Na kama hana jibu jingine nanyamaza.

Sasa angalia alivyowapanga, na hapa kaa vizuri maana ndo penye utamu. Posti ya kamanda iko mwisho wa eneo, nyuma ya kijiukuta kidogo cha mawe kinachotazama malori yanakuja uso kwa uso, yuko Barry na watu watatu. Karibu nao seksheni ya kwanza, watu 10 nyuma ya mwamba. Halafu mita kama 140 nyuma yake, upande uleule, seksheni ya pili watu 10. Kwanini umbali huo? Kwa sababu malori ya kijeshi hayafuatani kama siafu, yanaachiana nafasi ili moja likipigwa jingine libaki salama. Barry alijua, kwahiyo nafasi ile aliipima kwa seksheni zake, lori la kwanza likifika kwa seksheni ya kwanza, la pili liwe mikononi mwa seksheni ya pili. Tena baadhi ya wale wa seksheni ya pili aliwaweka waweze kupiga hata kama lori la nyuma litakuwa halijamaliza kukunja kona.

Seksheni ya tatu ilikuwa watu 12, akaigawa. Sita kawavusha ng'ambo ya barabara kwenye mawe, kazi yao kuwanyima adui kinga ya upande ule, maana ukipigwa toka kushoto unarukia kulia, sasa kulia nako kuna watu. Hii mbinu ni ya hatari sana aisee, mnatazamana na wenzenu na barabara iko katikati, risasi ikipita inampata mwenzio, kwahiyo ukiwaweka hivyo lazima waelewe nani anapiga lini. Sita waliobaki aliwaweka kando, hawakutakiwa kupiga chochote, wanasubiri lori la tatu kama litatokea. Fikiria hapo, una watu 36 tu na bado sita unawaambia msipige. Kamanda mwoga angewatumia wote mbele, na lori la tatu lingekuja kummaliza mgongoni.

Walifika asubuhi baada ya kutembea usiku kwenye mvua, saa tatu walishakuwa kwenye nafasi zao, na wakalala kwenye maji na baridi mpaka saa kumi jioni. Masaa saba mazima. Nyumba ya jirani ilitoa chakula ilichokuwa nacho na ndoo ya chai, basi. Watu wakisikia ambushi wanawaza milio, lakini sehemu kubwa ni hiyo ya kulala kimya huku miguu imekufa ganzi, na ndo hapo vikosi vingi vinaharibikiwa kwa sababu mtu mmoja kasimama kujinyoosha.

Na kweli nusura iharibike. Saa kumi ile ile mtazamaji ametoa ishara kwamba malori yanakuja, ghafla mkokoteni wa farasi unatokea barabarani umebeba wapiganaji watano wenye silaha waliochelewa, wanakuja taratibu mbele ya adui hawajui lolote. Barry akawapigia kelele wakimbize farasi waingie kwenye kinjia cha pembeni. Wakapotea sekunde chache kabla lori la kwanza halijatokea konani. Hiyo haikuwa mbinu, ni bahati tu.

Shida ya mwisho ilikuwa spidi, maana lori likipita mbio kwenye eneo lako unapata sekunde chache za kupiga halafu limekwenda. Barry alisimama mwenyewe barabarani amevaa koti la kiofisa. Dereva anaona mtu mwenye sare kwenye mwanga hafifu wa jioni, hana uhakika ni wa kwao au vipi, anapunguza mwendo. Hicho tu ndo kilichokuwa kinatafutwa. Lilipofika kama mita 30 akarusha bomu la mkono likaingia pale mbele kwa dereva, akapuliza filimbi na bunduki zote zikalia. Lori likajiburuza mpaka karibu na ule ukuta likasimama, na pale ilikuwa mtu kwa mtu, bastola na vitako vya bunduki. Wote tisa wa lori hilo walikuwa wamekufa au wako mahututi, na ilikuwa ndani ya dakika chache.

Lori la pili ndo lilileta shida. Halikuingia ndani ya mtego vizuri, wale watu walipata muda wa kushuka na kulala barabarani wakajibu mapigo, na majeruhi wote wa Barry walitokea huku. Walikufa watatu, Michael McCarthy aliyekuwa anaongoza seksheni ya pili, Jim O'Sullivan, na Pat Deasy kijana wa miaka 16 aliyefariki baadaye kwa majeraha.

Hapa ndo swali lako la tatu. Kwa maelezo ya Barry, alipokuwa anasogea kutokea nyuma na wale watatu wa posti yake alisikia Auxiliary wanapiga kelele kwamba wanasalimu amri, baadhi ya vijana wake wakainuka, halafu wale wakachukua bastola wakawapiga. Akaamuru wapigwe mpaka mwisho na akakataa tena kupokea kusalimu amri. Mwaka 1998 mwanahistoria Peter Hart alisema hadithi hiyo ilitungwa ili kufunika mauaji ya watu waliokwisha jisalimisha, na tangu hapo wanahistoria wa Ireland wamegombana hawajamaliza. Kwenye kazi yako weka pande zote mbili, mwalimu wako atazitafuta.

Mimi nitakachokupa ni cha upande wa kazi. Kusalimu amri katikati ya mapigano ya umbali wa hatua ishirini ni kitu kigumu kuliko kinavyoonekana kwenye karatasi, mmoja anatupa bunduki, mwenzie hatua tano pembeni hajasikia au hataki, anaendelea kupiga. Aliye upande wa pili haoni watu wawili tofauti, anaona usaliti. Kwahiyo watu wawili waliokuwepo palepale wanaweza kukupa habari mbili zinazopingana na wote wakawa hawadanganyi. Ila kutopokea kabisa waliobaki, hilo ni uamuzi wa kamanda na Barry mwenyewe hakuwahi kulikana, kwahiyo usilifiche kwenye insha yako eti kwa kuwa unawapenda wapigania uhuru.

Kwa upande wa Auxiliary, 16 walikufa palepale. Mmoja, Forde, aliachwa akidhaniwa amekufa lakini akapona na ulemavu. Mwingine, Guthrie, alitoroka akielekea Macroom, akakamatwa njiani na kuuawa.

Baada ya hapo kuna jambo ambalo watu wa historia huwa wanaliona la ajabu na sisi tunaliona la kawaida kabisa. Vijana walikuwa wamepigwa na butwaa, wengine wanatapika. Barry akawapanga mstari barabarani, malori yanawaka moto pembeni, akaanza kuwapigisha kwata. Kushoto kulia, geuka. Halafu wakawapa wenzao waliokufa saluti ya kushika bunduki mbele, bila kupiga risasi. Mtu aliyepatwa na mshtuko ukimwachia akae chini anaweza asiinuke tena, ila mwili ukipewa amri ulizozoea unatii hata kichwa kikiwa hakipo. Alihitaji watembee maili 11 usiku huohuo kwenye mvua kwenda Granure, na walitembea.

Rudi kwenye hesabu sasa. Waliondoka pale na bunduki 18, risasi 1,800, na bastola 30. Waliingia na 1,260. Yaani pigano moja liliwajazia stoo kuliko walivyokuwa nayo asubuhi, na hili nalo ni sababu ya kupiga karibu, maana ukipiga toka mita 400 hata ukishinda huwezi kushuka kuokota, adui akikimbia anakimbia na bunduki yake.

Usije ukaandika kwamba Barry alikuwa haamini njia ya kutokea. Nenda kasome pigano lake jingine la Crossbarry, 19 Machi 1921, haijafika hata miezi minne baadaye. Safari hii ana watu kama 100, risasi 40 kwa kila mmoja, na jeshi la Uingereza zaidi ya askari 1,000 linamzunguka toka pande kadhaa. Alingoja safu moja ikaingia kwenye ambushi akaivunja, akazuia nyingine zilizokuja, na mara pengo lilipopatikana akawatoa watu wake haraka kuelekea kaskazini magharibi kabla mduara haujafunga.